Tunutu wa Shemeji

Jumatatu, 4 Machi

Shajara yangu, niwie radhi. Tangu mvua za mwisho sijakuandikia hata mstari mmoja. Sikuwa mgonjwa wala safarini. Nilikuwa na hasira. Mkono uliofumbwa ngumi haushiki kalamu.

Leo nimeufumbua kwa sababu hasira imezidi kimo na lazima nipate pa kuimwaga. Mke wangu amekataa kuwa chombo. Amesema masikio yake yalistaafu siku ileile niliyostaafu mimi.

Kisa ni hiki: wanataka kuninyang'anya Kilindi cha Darajani!

Chama chetu cha wavuvi kina kanuni ya kale. Kila sehemu nzuri ya mto ina mwenyewe kwa msimu mzima, na mwanachama mwingine hatii mguu humo bila ruhusa. Kilindi cha Darajani ni changu tangu nilipoacha kiti cha hakimu. Maji baridi hushuka mbio juu ya mawe, hujikunja chini ya daraja, kisha hutulia, meusi na mazito. Humo hukaa trauti, samaki wakubwa wenye madoa mekundu ubavuni. Nikifika asubuhi, wavuvi wa chini ya mto hunivulia kofia na kusogea. Mahakamani watu walisimama nilipoingia. Nyumbani hata paka hanipishi kiti. Kimebaki kilindi kile tu.

Jana mkutanoni Katibu alisimama. Katibu ni fundi viatu, na huongea siku zote kama mtu aliyeshika misumari kwa midomo. Akatangaza kwamba mwaka huu kilindi kitashindaniwa. Jumamosi hii! Atakayemtoa trauti mzito kuliko mwenzake atakimiliki. Nikauliza nani ameleta hoja. Kila mtu akatazama viatu vyake. Kisha mkono mmoja ukainuka, msafi, wenye kucha zilizokatwa vizuri.

Shemeji! Ndugu wa mke wangu, tumbo moja, ziwa moja! Daktari wa meno! Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki changu kimevaa koti jeupe.

Tena anavua kwa tunutu. Mimi huvua kwa nzi wa kuzama: manyoya laini ya kuku yaliyofungwa vizuri juu ya ndoano, watatu kwenye uzi mmoja, wakivutwa chini ya maji kama wadudu wanaozama kwa heshima. Shemeji hutengeneza tunutu, yaani kile kidudu kabla hakijaota mabawa, kinachotambaa chini ya mawe. Hukitupa, hukiacha kiburuzwe na maji, yeye amesimama tu kama nguzo ya simu. Je, huo ni uvuvi? Nikasimama na kuwaambia wanachama wote kwamba kumvua samaki kwa tunutu ni sawa na kumfunga mtu kwa kosa atakalolitenda mwakani. Nikaapa kwamba mkono wangu hautagusa tunutu hadi niingie kaburini.

Shemeji akajibu kwa upole kwamba samaki hajui sheria, anajua njaa.

Wakacheka! Katibu alicheka mpaka akashika meza.

Nimemhukumu shemeji bila kumsikiliza. Shauri limefungwa.


Jumanne, 5 Machi

Nimeamka na mkakati. Msimu uliopita shemeji alitoa trauti watatu wanene hapo chini ya kilindi changu, siku ambayo nzi wangu walirudi wakavu wa matumaini. Basi yako maarifa ndani ya wale tunutu. Lazima niwaone kwa karibu. Huu ni ukaguzi wa ushahidi. Si wizi.

Najua anapowatengenezea. Hupachika jiliwa dogo, kile chuma cha kubania ndoano, kwenye ukingo wa sinia la vyombo vyake, kati ya koleo na kioo cha kutazamia magego, na mgonjwa mmoja akitoka, kabla mwingine hajaingia, yeye hufunga tunutu chini ya taa kubwa. Uzi anaotumia ni ule wa kusafishia meno, wa kijani, unaonuka mnanaa. Mji mzima unaujua uzi huo. Watu husema samaki wa daktari hufa na pumzi safi.

Nikamwambia mke wangu kwamba jino linaniuma. Akampigia ndugu yake simu kwa furaha isiyo ya kawaida.

Nikalala kwenye kiti kile cha mateso. Shemeji akaniuliza jino gani. Sikuwa nimejiandaa! Nikanyoosha kidole kwenye gego la juu, upande wa kulia, kwa kubahatisha tu. Akaligonga kwa kichuma. Akainama. Akasema jino hilo lina ufa, na kwamba ufa huo ameutabiri zamani, kwa sababu mimi hukata uzi wa nailoni kwa meno. Akanikumbusha kwamba aliniambia nitumie mkasi siku ya arusi ya mwanangu, akanirudia msibani kwa mjomba. Akataka alizibe leo leo, kabla halijavunjika.

Ndipo nikaugundua mpango wake. Alitaka Jumamosi nilale kitandani, taya limekufa ganzi, yeye awe kilindini! Nimesikiliza mashahidi wa uongo maisha yangu yote. Mtu kuniambia lina ufa jino ambalo nimelisingizia mwenyewe! Nikakataa.

Hata hivyo, alikuwa amenijaza pamba shavuni, na mlangoni wakamwita. Akatoka. Nikainuka. Kwenye sinia walilala tunutu, wadogo kama punje za mpunga, wamepangwa kama mashahidi nje ya chumba cha mahakama. Nikamchukua mmoja. Nyayo! Mfukoni hapafikiki, maana alikuwa amenifunga kitambaa kile cha plastiki hadi magotini. Nikamchomeka tunutu ndani ya pamba, nikafunga mdomo.

Shemeji akarudi. "Haya shemeji, fungua mdomo."

Nikatikisa kichwa.

Akasema hakuna dawa wala sindano, anatoa pamba tu. Nikatikisa kichwa kwa nguvu zaidi. Akanitazama shavu, akasema ni mara yangu ya kwanza kukosa la kusema tangu nilipomposa dada yake, na kwamba siku ile pia ilikuwa woga. Nikatoka nimevimba shavu, nimenyamaza, nikipepewa na vicheko vya wagonjwa.

Nyumbani nilipopita kimya sebuleni mke wangu alisema mdogo wake ni daktari bingwa.

Tunutu ametoka salama. Mkwaruzo kidogo tu ufizini. Ananuka mnanaa.


Jumatano, 6 Machi

Siku ya kunakili. Nimempachika tunutu wa shemeji kwenye kizibo, nimefunga jiliwa langu kwenye meza ya jikoni, nimevaa miwani mbili, moja juu ya nyingine.

Kidudu chenyewe hakina makuu. Mwili wa manyoya ya sungura. Waya mwembamba wa shaba umezungushwa ili kimetemete na kizame. Kichwa cha uzi wa kijani. Basi! Kwa hiki nimechekwa mbele ya chama?

Manyoya ya sungura yalipatikana kwenye ukosi wa koti la mke wangu la baridi, kwa nyuma, mahali asipoweza kujiona. Waya wa shaba ulikuwa tabu. Hatimaye nikakumbuka redio. Redio ina waya mwingi kuliko inavyouhitaji. Fundi yeyote atakubali. Nikafungua mgongo wake, nikachukua kiasi. Ikawa kwamba inauhitaji wote.

Nilifanya bora kuliko shemeji. Yeye ameuzungusha waya mara chache, kwa ubahili. Nikajiuliza: kama waya kidogo unazamisha, waya mwingi si utazamisha zaidi? Wangu nimewavika waya mpaka wakawa kama risasi za bunduki. Wametulia mezani, wazito, wenye mamlaka. Mahakimu kati ya tunutu.

Jioni mke wangu alifungulia redio asikilize kipindi chake cha salamu za wagonjwa. Haikusema. Akaitikisa. Ikakohoa. Akanitazama mikono, akatazama meza, akaenda kulitazama koti. Alirudi akasema maneno ambayo sitayaandika, kwa kuwa nikiyaandika yatakuwa kumbukumbu rasmi. Alimalizia kwamba hasira hasara. Nikamwuliza hasira ya nani, yangu au yake. Akafunga mlango wa chumbani kwa ndani.

Nalala sebuleni. Paka amekikalia kiti.


Alhamisi, 7 Machi

Fedheha! Fedheha! Maji yale nitayatazama vipi tena?

Nilikwenda kilindini kulipopambazuka, nimejifunika kofia ya majani, ukingo umeteremshwa hadi puani. Nilikuwa nimeapa mbele ya watu, kwa hiyo ilinipasa nivunje kiapo faraghani. Tunutu wa shemeji nilimchomeka kwenye utepe wa kofia, awe mfano wa kutazamia. Nikafunga wa kwangu.

Nikarusha. Nzi wa kuzama huruka mwepesi nyuma yako, ukasikia uzi ukinong'ona, ukasukuma mbele, akaenda. Tunutu wangu alikwenda nyuma vizuri. Kurudi mbele akapitia kisogoni mwangu. Niliona nyota mchana. Nikafikiri nimepigwa jiwe, nikageuka kumkamata mhalifu. Hapakuwa na mtu ila ng'ombe.

Nikarusha tena, nikiwa nimeinama. Akatua majini kama ufunguo uliodondoka. Akaenda moja kwa moja hadi chini na kunasa kwenye jiwe. Nikavuta. Likavuta. Nikakata uzi kwa meno, nikafunga mwingine. Jiwe. Nikakata. Nikafunga. Gogo. Nikakata. Mkasi ninao, lakini uko nyumbani, na mtu mwenye hasira hatafuti mkasi. Mmoja baada ya mwingine, mahakimu wangu wote walikwenda kukaa chini ya mto, na huko watakaa.

Nilipokata uzi wa mwisho, kitu kikalia kichwani mwangu. Kah!

Gego la juu, upande wa kulia.

Sasa linauma. Linauma kwelikweli! Nikivuta pumzi linauma, nikiwaza linauma. Na ni jino lilelile nililolisingizia. Najua kilichotokea: shemeji aliligonga kwa kichuma chake Jumanne, akalitia wazo. Jino langu lilikuwa raia mwema kabla hajalihoji.

Kumwendea haiwezekani. Nikimwendea leo, atasema aliniambia. Hakuna maumivu duniani yanayozidi mtu kukuambia kwamba alikuambia.

Mke wangu ameniuliza kwa nini nimeshika shavu. Nikamwambia natafakari.


Ijumaa, 8 Machi

Nisichoweza kukitumia mimi, asikitumie mtu. Huo ndio msingi wa sheria zote.

Nimekwenda kwa Katibu. Karakana yake ni chumba chembamba chenye harufu ya gundi, viatu vimening'inia ukutani kwa kamba zake. Nilibeba jozi mbili zisizo na kasoro ili zibadilishwe soli, maana mtu anayekupa kazi humfukuzi. Nikavuta kigoda. Nikaanza kumweleza, taya limefungwa kwa kitambaa, kwamba mashindano yasiyo na mipaka ni fujo. Kwamba tunutu ni mtoto wa mdudu, na kumtumia ni dhuluma. Kwamba chama chetu kina heshima. Akagonga msumari. Nikaendelea. Akagonga mwingine. Nikaeleza historia ya uvuvi. Wateja wakaingia, wakanisikia, wakatoka.

Mwishowe akatema misumari kiganjani akasema, sawa Mheshimiwa, kesho ni nzi wa kuzama peke yake, ili mradi nimwachie nafasi afanye kazi.

Sikuridhika. Sheria isiyo na adhabu ni ushauri. Nikamwambia aongeze: atakayepatikana na tunutu kwenye uzi wake, samaki wake hatahesabiwa, na kilindi kitakuwa cha mpinzani wake msimu mzima. Katibu akanikazia macho. Akaniuliza kama sheria hiyo inamhusu kila mtu. Nikamjibu kwamba sheria ni msumeno. Akauliza tena, hata mimi? Nikacheka, na kucheka kukaniuma hadi sikioni.

Tangazo limebandikwa mlangoni pa karakana. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Namsubiri shemeji aingie.

Habari zilimfikia kabla ya chakula cha jioni. Alimpigia dada yake, nami nikasikiliza mlangoni. Hakulalamika! Alisema ni haki yangu, na akauliza hali ya jino langu. Unafiki uliokomaa! Nani kamwambia kwamba jino linauma?

Mke wangu amesema huhitaji kuwa daktari. Mtaa mzima umenisikia nikinywa chai.


Jumamosi, 9 Machi

Naandika kwa shida. Mdomo umekufa ganzi hadi puani. Lakini lazima ukweli uandikwe ukiwa bado moto.

Wanachama walijipanga juu ya daraja kama ndege kwenye waya. Shemeji alipewa mwisho wa kilindi, mimi kichwa cha kilindi, maji yanakoingilia. Akanisalimu, "Shikamoo shemeji," kwa unyenyekevu wote, mbele za watu. Nikaguna. Ndicho nilichoweza, shavu lilikuwa limejaa kama andazi.

Nikarusha nzi wangu watatu. Safi. Wakavuka mkondo, wakazama, wakayumba. Hakuna. Nikarusha tena. Hakuna. Kila nikivuta, jino likavutwa pamoja nao. Jua likapanda. Chini yangu nikasikia maji yakipasuka na watu darajani wakisema loo! Shemeji alikuwa amenasa. Kwa chambo gani? Kwa nzi wa kuzama! Mwanaharamu yule anajua hata uvuvi wangu! Samaki alikuwa mzuri, urefu wa kiwiko hadi vidole. Katibu akamshusha kwenye mizani, watu wakapiga makofi.

Nikaona msimu wote ukipita mbele yangu. Nikajiona nakuja asubuhi, namwomba shemeji ruhusa, navua kofia, nasogea. Mimi!

Hapo nikamwona. Chini kabisa ya nguzo ya daraja, kivuli kati ya vivuli. Trauti mzee, mpana, tumbo linasugua changarawe. Alikuwa akila, lakini chini, chini sana, mahali ambapo nzi wangu hawakufika. Alifungua mdomo na kuufunga, kama karani anayepiga miayo. Najua alichokuwa akila.

Kofia nilikuwa nayo. Na kwenye utepe wa kofia alikuwemo tunutu wa shemeji.

Nikawapa mgongo watu wa darajani. Mtu akiwa kwenye hatari kubwa sheria humruhusu mengi. Nikashika uzi, nikauma ili niwaondoe nzi wangu. Kah! Nusu ya gego ikabaki kwenye ulimi. Machozi yakanitoka. Nikamfunga tunutu, nikamrusha juu ya mkondo, kisha sikuweza tena kufanya kitu. Sikuvuta wala kuyumbisha. Nilisimama tu kama nguzo ya simu, nikiugua, huku uzi ukiteremka na maji kwa hiari yake.

Ukasita. Kitambo kidogo tu, kama mtu aliyekumbuka jambo.

Nikainua ufito wa kuvulia, na mto mzima ukainuka nao!

Sitaeleza mapambano. Alikimbilia darajani, akarudi, akaruka, akanionyesha ubavu wake wote wenye madoa. Niliingia majini hadi kiunoni. Watu walipiga kelele. Shemeji aliacha ufito wake, akaja mbio na wavu wake akaniinulia samaki, na hapo sikuwa na nafasi ya kumkataza. Trauti mkubwa kuliko wote waliowahi kutolewa pale! Kwa mizani ya macho tu alimzidi wa shemeji nusu nzima.

Ndipo Katibu akateremka ukingoni, akasema hongera Mheshimiwa, tumwone na nzi aliyemnasa, kama kanuni yako inavyotaka.

Kanuni yangu!

Nilikuwa nimeketi ukingoni, samaki magotini mwangu. Tunutu alikuwa kwenye kona ya mdomo wake, kichwa cha kijani kinang'aa. Nikainama kama ninayembusu samaki. Nikamtoa tunutu, nikauma uzi kwa meno ya mbele. Katibu alikuwa hatua mbili. Nikafanya nililolifanya Jumanne.

Jumanne palikuwa na pamba.

Ncha ya ndoano ikaingia shavuni kwa ndani, palepale lilipovimba. Sikupiga kelele. Nilisimama wima, macho yamenitoka. Katibu akaniuliza nzi yuko wapi. Nikaonyesha mto. Akasema uzi umekatwa hivi sasa, umelowa mate. Akaniomba nifungue mdomo. Nikatikisa kichwa. Damu ikanichuruzika kidevuni. Mtu darajani akauliza kama ni samaki ndiye aliyenivua mimi.

Shemeji akasema, "Niachieni. Huyu ni mgonjwa wangu."

Akanikalisha kwenye jiwe, mgongo kwa watu. Akaniambia taratibu nifungue. Nikakataa. Akaninong'oneza, "Shemeji, niliwahesabu tunutu wangu Jumanne jioni ileile. Fungua tu."

Nikafungua.

Alitumia koleo lilelile alilomtolea samaki wake ndoano. Tunutu akatoka, kijani, ananuka mnanaa na aibu. Akamfumba kiganjani. Katibu akauliza ameona nini. Nilingoja. Kwa neno moja tu kilindi kingekuwa chake, kwa sheria niliyoitunga mwenyewe.

Shemeji akasema ameona jino lililovunjika, na kwamba siri za mgonjwa hazimo katika kanuni za chama.


Jumapili, 10 Machi

Amenifedhehesha kwa kunisitiri! Angenitangaza, ningekata rufaa. Rufaa naijua. Lakini mtu aliyekusitiri utamshtaki wapi?

Jana jioni aling'oa mizizi ya jino bila kuniumiza, jambo ambalo pia naliona ni dharau. Kisha akanivika shingoni mkasi mdogo kwenye kamba, kama mtoto anayevikwa ufunguo wa nyumba. Akasema, tafadhali shemeji, kuanzia leo tumia huu. Akaongeza kwamba kama nitapenda, kilindi kinatosha wawili: mimi kichwani na nzi wangu, yeye mwishoni na tunutu wake, na chupa ya chai katikati. Sikumjibu. Nilikuwa na pamba, na safari hii ilikuwa pamba tupu.

Mke wangu ameiweka kando hasira yake ya redio. Ameniambia mdogo wake hakuwahi kukitaka kilindi. Kila msimu aliniomba ruhusa ya kuja kuvua nami, na kila msimu nilimwambia nitalifikiria. Hoja ile mkutanoni ilikuwa njia yake ya mwisho ya kusimama karibu nami mtoni. "Alitaka kualikwa," amesema. "Basi."

Nimelala nikilitafakari. Mtu anayetaka kualikwa hadi kuitisha mashindano ni mtu hatari sana.


Jumanne, 12 Machi

Katibu amekuja na viatu vyangu. Soli mpya, hazina kosa. Akakaa ukingoni mwa kiti, kwa kuwa paka alikuwa amekalia sehemu iliyobaki. Akasema chama kimekutana. Daktari hasemi alichokiona na wala hadai kilindi. Samaki ni mzito, hilo halina ubishi. Linabaki swali moja, nalo wamenikabidhi mimi. Niseme tu alikuwa nzi gani. Kama ni nzi wa kuzama, kilindi ni changu. Kama ni tunutu, ni cha shemeji. Hawataki ushahidi. Neno la hakimu linawatosha.

Neno langu tu! Watu hawa wamejifunza ukatili wapi?

Akaondoka. Mlangoni alivua kofia. Sijui aliivua kwa heshima au kwa joto.

Mke wangu ameniuliza nitasema nini. Nimemwambia kwamba katika shauri hili mimi ni mdai, mdaiwa, shahidi na hakimu, na wanne hao hawajapatana. Akauliza kama kuna ugumu wowote wa kusema kweli na kumwalika mtu chai. Wanawake hawaujui mwenendo wa mashauri. Nimeliahirisha.

Hata hivyo, shauri likiahirishwa, haki haiwezi kuachwa hewani. Kwa hiyo nimetoa amri ya muda: kilindi kibaki kwa anayekikalia hadi hukumu itakapotolewa. Nami ndiye ninayekikalia. Shemeji ataarifiwa kwa njia zinazofaa, asisogee.

Mchana huu nimefunga jiliwa mezani. Ni kwa uchunguzi tu. Nimegundua kosa la wale tunutu wa Jumatano: waya ulizidi. Kengele ya mlango ina waya mwembamba zaidi, na siku hizi hatutembelewi na mtu wa maana. Manyoya yako mengi kwenye ukosi ule, kwa mbele. Nimemaliza mmoja, mwepesi, mzuri, kichwa kimekaa sawasawa. Anamshinda wa shemeji. Ulibaki uzi wa kukatwa.

Mkasi ulikuwa shingoni, chini ya fulana, na mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Upande wa kulia hauna jino tena. Nikatumia kushoto.

Kitu kimelia kah. Huenda ni uzi.

Nitakuandikia nikishatoa uamuzi juu ya kilindi, na sasa, inaelekea, juu ya gego la kushoto pia.